Hakunipikia Hata Chai

Jamani, mikono ya mwanamke haina akili hata kidogo! Asubuhi ile ya Februari, siku ambayo Kalpana alikuwa anakwenda kuachwa na mumewe, mikono yake iliamka saa kumi na mbili kama kawaida yake. Ikakanda unga, ikasukuma chapati nane, ikachemsha dengu, ikapanga kila kitu ndani ya tifini ya bati yenye ghorofa tatu. Alipokuwa anabana kishikio cha juu ndipo alipozinduka. Akasimama pale jikoni Kenton, London, dirisha limejaa mvuke, akaitazama ile tifini.

"Hivi, Kalpana, una wazimu?" alijiuliza kwa sauti. "Mtu anakwenda kukuacha saa nne, nawe wamfungia chakula cha mchana?"

Alitaka kuimwaga yote kwenye ndoo ya taka. Hakuweza. Aliiacha mezani akapanda juu kuvaa sari yake ya kijani na koti zito. Aliposhuka, tifini haikuwepo. Mama mkwe wake, Bibi Balbir, alikuwa ameshaizungushia taulo na kuitia ndani ya mkoba wa mwanawe kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka saba, na sasa alikuwa mlangoni, shali begani, anawahimiza waondoke.

"Haya, twendeni. Wakili Mzungu hapendi kungojeshwa."

Walitoka watatu. Parminder alitangulia, kilemba chake cha samawati kimefungwa vizuri kuliko siku zote. Hakumtazama mkewe. Kalpana alimtazama yeye kwa nyuma, ule mgongo mpana alioujua kila kovu, na hasira ikampanda kwa sababu moyo wake, ule mpumbavu, ulikuwa bado unaruka.

Kwani alimpata vipi? Mwaka sitini na sita, Mombasa, dukani kwa baba yake, Biashara Street, aliingia kijana wa Kikalasinga, mtoto wa fundi wa reli, akanunua kifungo kimoja cha shati. Kesho yake akanunua kingine. Kesho kutwa, kingine. Wiki ya tatu Kalpana alishindwa kujizuia.

"Kaka, hilo shati lako lina vifungo vingapi?"

"Nitanunua mpaka utakapocheka," alijibu Parminder.

Na Kalpana alicheka, na kucheka kule kukamponza. Baba yake alisema, "Kalasinga? Nife kwanza!" Hakufa, lakini hakuja harusini. Bibi Balbir naye alilia siku tatu. "Mbanyani? Hawa watu wanatia sukari guru ndani ya dengu! Mwanangu atakula chapati kwa peremende?" Wao walioana hivyo hivyo. Mwaka sitini na nane, Wahindi wa Kenya walipokuwa wanagombania ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa, nao walipanda. Mamake Kalpana alimletea ile tifini uwanjani kwa siri, imefichwa ndani ya kanga, maana mzee hakutaka kusikia. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao.

Katika nyumba ya Kenton, Kigujarati cha mke na Kipunjabi cha mama mkwe havikukutana, basi Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kwa hicho walipatana, kwa hicho waligombana. Na tangu siku ya kwanza katika nyumba ile, Kalpana hakutia sukari guru kwenye dengu tena. Miaka saba! Bibi Balbir alionja mara moja, akakunja uso, na Kalpana akaiondoa sukari jikoni bila kuambiwa mara ya pili.

Ofisi ya wakili Harrison ilikuwa Harrow, juu ya duka la viatu. Harrison alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani na adabu nyingi. Aliwakalisha, akamwomba radhi Kalpana kwa baridi ya chumba, akaanza kueleza kwa Kiingereza cha polepole.

"Bibi Singh, sheria imebadilika. Zamani mahakama ilitaka kujua nani mwenye kosa. Siku hizi inauliza tu kama ndoa imekwisha. Mkiwa mmetengana miaka miwili, na nyote mnakubali, basi hakuna mwenye kosa. Hakuna wa kulaumiwa."

"Hakuna wa kulaumiwa," alirudia Kalpana.

"Hasa. Tatizo letu ni kwamba mmekaa nyumba moja. Mahakama itataka kujua kwamba ndani ya nyumba hiyo moja mliishi mbalimbali. Jiko mbali, meza mbali, kufua mbali. Bwana Singh ametoa maelezo yake. Yasome. Ukitaka wakili wako mwenyewe, ni haki yako. Ukikubali, utatia saini hapa chini."

Kalpana aliivuta karatasi. Ilipigwa chapa safi, mistari imekaa sawa. Alisoma mstari wa kwanza na wa pili, ikapita. Alipofika wa tano alisita, akarudi nyuma, akaisoma tena, kidole chini ya kila neno. *Tangu Januari 1973 mke wangu hajanipikia. Hajanifulia. Hatukuwahi kula pamoja. Hakunipikia hata chai.*

Masikio yake yaliziba. Harrison alikuwa anasema kitu, hakukisikia. Alimgeukia mumewe.

"Parminder. Hii nini?"

"Kalpu, tafadhali." Sauti ilikuwa ya chini, na lile jina la kudekezana likamchoma. "Ni karatasi tu. Ndivyo wanavyotaka iandikwe. Usiichukulie moyoni."

"Hata chai?"

"Ni namna ya kusema."

"Namna ya kusema!" Kalpana aligeukia Kiswahili chake, kile cha Mombasa, kikatoka chote kwa mpigo. "Ulipoanguka karakana ukaumia mgongo, mwaka huo huo ulioandika, nani alikukanda kwa mafuta siku arubaini? Ovaroli zako zenye grisi, nani alizisugua mpaka vidole vikapasuka? Leo asubuhi, Parminder, leo hii, ulikunywa chai ya nani? Ya malkia?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Wataka kuniacha, niache. Moyo ni wako, siwezi kuufunga kamba. Lakini miaka yangu huipati. Wanambia sina kosa, ahsante sana. Mbona basi ili nisiwe na kosa lazima nisiwe nimefanya kazi? Nimeishi mle ndani kama nani, mpangaji?"

Parminder alitazama sakafu. Aliponyanyua macho yalikuwa mekundu, na kwa nukta moja walitazamana kama zamani, kaunta ya vifungo katikati yao. Kalpana aliona kwamba anaona haya. Lakini haya yake haikumsaidia mtu.

Harrison alikohoa. Hakuelewa neno, ila sauti alizielewa. "Pengine," alisema, "tumsikilize mama. Nilimwomba Bwana Singh amlete kwa sababu mahakama hupenda kusikia mtu mwingine wa nyumba hiyo. Tafadhali mwulize kama maelezo haya ni ya kweli."

Bibi Balbir, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na bei ya vitunguu, alikaa wima mikono juu ya fimbo. Parminder alimwinamia, akasema haraka haraka kwa Kipunjabi. Alisahau kwamba miaka saba ni mingi, na kwamba mkewe alishajifunza kusikia lugha ile hata kama hakuisema. Alimwambia, "Mama, anauliza kama nyumba yetu ni ya watu wema. Sema *yes*."

"*Yes*," alisema Bibi Balbir kwa fahari. "*Yes, yes*."

Harrison akafungua kalamu.

"Subiri," alisema Kalpana. Akamgeukia mama mkwe wake. Mwanamke huyu ndiye aliyemhesabia chapati, aliyekagua mashuka yake na kumfuata nyuma akipanga upya vijiko. Na jana usiku alimwambia, bila chuki yoyote, kwamba sheria ya siku hizi ni nzuri kwa sababu hakuna aibu: watu wa gurdwara, hekalu la Makalasinga, hawatasema kitu, mwanawe atatafutiwa msichana wa Kipunjabi, na Kalpana naye ataishi zake. Hakuwa rafiki. Lakini Kalpana alijua kitu kimoja juu yake ambacho mwanawe alikisahau.

"Mama, hukuambiwa kweli. Huyu bwana hakuuliza hivyo. Ngoja nikusomee, kwa Kiswahili, neno kwa neno." Akaishika karatasi kwa mikono miwili. "Imeandikwa kwamba miaka miwili, ndani ya nyumba yako, mwanao hakupikiwa. Hakufuliwa nguo. Alikula peke yake. Hakupewa hata chai. Na wewe umesema *yes*."

Chini barabarani basi lilipiga breki.

"Nani hakupikiwa?" aliuliza Bibi Balbir.

"Parminder."

"Kwa nyumba yangu?"

"Kwa nyumba yako, Mama."

"Na hii inaenda wapi? Nani atasoma?"

"Jaji. Na makarani wake."

Masikini Parminder alinyanyua mkono amzuie, lakini nani angemzuia? Bibi Balbir alikuwa ameshasimama. Mwanamke huyu alizaa watoto sita kando ya reli, katika nyumba za mabati. Aliwahi kupika kwa mkaa wa kuokota, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kulala na njaa. Usoni palibadilika.

"Wewe!" alimfokea mwanawe, Kiswahili cha bara kikigonga kuta za ofisi. "Umeniandika mimi? Umeambia wazungu mama yako aliweka mtoto njaa miaka mbili? Kwani mimi nilikuwa wapi, kaburini?"

"Mama, ni sheria inataka..."

"Sheria gani hiyo inataka uongo? Kuachana muachane! Lakini hakuna mtu ataandika kwamba kwangu hakuna chakula!"

Na hapo, kabla mtu hajasema lingine, aliuvuta mkoba wa Parminder kutoka miguuni mwake, akautumbukiza mkono, akaitoa tifini na kuitua *pwa!* juu ya meza ya wakili, juu ya ile karatasi yenyewe. Akafyatua kishikio. Mvuke mwembamba ukapanda, harufu ya dengu na bizari ikajaa chumba kizima.

"Mwambie," alimwamuru Kalpana, "mwambie aguse. Chapati ya leo! Bado moto! Mkaza mwana wangu ameamka saa kumi na mbili kupika hii. Na jana amepika, na juzi. Miaka saba, hata akiwa na homa. Simpendi sana, anajua, anaongea mingi. Lakini amepika!"

Kalpana alitafsiri. Hata pale pa "simpendi sana" alipatafsiri. Na yule mzee wa Kiingereza, kwa adabu zake zote, alinyoosha kidole kimoja akagusa ukingo wa bati. Akakirudisha. Akaiondoa tifini taratibu, akaifuta karatasi duara la mafuta lililobaki, halafu akaikunja na kuifunga kalamu yake.

"Bwana Singh," alisema, "siwezi kupeleka maelezo haya mahakamani. Katika nyumba yenu kuna jiko moja, na sasa ninalijua. Hamkutengana. Ningekuomba uniambie ukweli tangu mwanzo."

Bibi Balbir alipoelezwa alikaa chini, ameridhika. "Basi! Hakuna kuachana. Kalpana, beba tifini, twende. Nguo ziko kwa kamba na mvua inakuja."

Ingekuwa rahisi sana. Kalpana aliona jinsi ingekuwa: wangepanda basi, angeanua nguo, angekanda unga wa jioni, na Parminder angerudi kwenye kile chumba kidogo alichokihamia. Na kila Alhamisi angechelewa kurudi kutoka kazini kwa sababu ambayo wawili tu ndani ya nyumba waliijua. Aliushika ukingo wa meza.

"Bwana Harrison, nikihama leo, miaka miwili inaanza leo?"

"Inaanza leo, bibi."

"Basi andika tarehe ya leo. Baada ya miaka miwili niletee karatasi nyingine. Uandike kwamba mpaka leo nilipika, nilifua, nilimkanda mgongo. Hiyo nitaitia saini. Hii siitaki kuiona tena." Akamgeukia mama mkwe wake, akainama na kumgusa miguu kama alivyomgusa siku ya harusi. "Ahsante, Mama. Wewe peke yako umesema kweli yangu. Lakini nguo za leo mtaanua wenyewe."

"Utaenda wapi wewe, wazimu?"

"Kenton Road. Juu ya duka la vitambaa ninapofanya kazi. Bwana Alnashir mwenye duka na mkewe waliniambia tangu Krismasi kwamba chumba kipo."

Bibi Balbir alishika fimbo yake akawafuata mpaka kwenye ngazi.

Parminder alimfuata mkewe mpaka kituo cha basi, mkoba wenye tifini begani, amemwacha mama yake kwenye ngazi za wakili. Upepo ulikuwa unakata. Alisimama mbele yake akapumua mara mbili tatu.

"Kalpu, kwa nini hukusaini tu? Ingekwisha kwa heri. Hakuna ambaye angelaumiwa."

"Wataka iishe upesi? Iko njia. Rudi juu umwambie yule mzee jina la Jennifer. Nitakushtaki mimi, na miaka miwili haihitajiki."

Alikuwa hajawahi kulitamka jina lile mbele yake. Parminder aligeuka rangi.

"Ulijua?"

"Tangu Diwali. Karani wa mishahara wa karakana yenu. Ulirudi na kitambaa cha kike mfukoni, nami nikakifua, nikakipiga pasi, nikakurudishia. Waniuliza kama nilijua! Nani afuaye mifuko yako, jaji?"

"Usimwambie Mama." Machozi yalimtoka waziwazi. "Nakuomba. Itamuua."

"Simwambii. Utamwambia mwenyewe, siku atakapouliza nani wa kupika chai."

Parminder alijifuta uso kwa mkono wa koti. Kalpana alitaka kumfuta yeye, na akajitia mikono mifukoni isije ikamfanyia ya asubuhi. Alimpenda. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko Jennifer na sheria na karatasi. Alimpenda mtu aliyeweza kukaa kitako na kusema *hata chai*.

"Nina njaa," alisema Parminder polepole. "Sikula asubuhi. Hii hapa tifini. Tukae kwenye benchi ile tule pamoja. Mara moja tu, tuagane vizuri. Kama Makadara kule Mombasa, unakumbuka?"

Alikumbuka, wacha we! Mhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu, na mabega yao yamegusana mbele ya watu wote. Mguu wake mmoja ulishapiga hatua kuelekea benchi. Akausimamisha.

"Hapana. Tukila pamoja leo, leo haihesabiki. Utanichelewesha."

"Kalpana, ni tonge moja!"

"Lilikuwa tonge moja asubuhi na limekuvunjia kesi yako. Kula. Nilipika kabla sijaachwa, ni haki yako. Lakini kula peke yako, na vyombo unirudishie. Ni vya mama'ngu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Parminder Singh alikula amesimama kituoni, kilemba chake cha samawati kikipigwa na upepo, anamega chapati, analia na kumeza. Mkewe alimpa mgongo, uso kuelekea Kenton, mkono mmoja umenyooshwa nyuma kungojea vyombo. Mwanamke mmoja wa Kiingereza mwenye kikapu aliwatazama wote wawili akashindwa kuelewa. Basi namba 183 lilipotokeza, bati tupu lilitua kwenye kiganja cha Kalpana. Vidole vyao viligusana. Vya Parminder vilikuwa na mafuta ya dengu.

"Ilikuwa nzuri," alisema Parminder.

"Najua," alijibu Kalpana, na akapanda.

Saa kumi na moja jioni alikuwa chumbani kwake, juu ya duka. Kitanda, kiti, jiko la gesi la moto mmoja. Mke wa Bwana Alnashir alikuwa amemletea sufuria ndogo na kikombe kimoja cha dengu, akataka kukaa waongee. Kalpana alimshukuru akamwambia kesho. Aliiosha tifini ya mamake, akaikausha, akaiweka dirishani. Akachemsha dengu zake polepole, akatia bizari, tangawizi na chumvi. Halafu akafungua kifurushi cha karatasi alichokinunua njiani, akamega kipande cha sukari guru, na mkono wake ukasita juu ya sufuria, umezoea kukatazwa.

"Tia," aliuambia.

Mkono ukatia.